Chai Chini ya Mto

Mwezi uliopita nilinunua migebuka mikavu sokoni, na muuzaji akanirudishia chenji ya noti mbili zilizonuka samaki. Sikuzitia kwenye pochi. Nilisimama pale pale katikati ya watu, nikaipeleka moja puani, nikanusa, nikanusa tena, mpaka yule mama muuzaji akaniuliza kama nina mimba. Nilicheka, nikamwambia hapana, ni mambo ya zamani tu. Sikumwambia kwamba noti yenye harufu kama ile iliwahi kumwokoa mama yangu, wala sikumwambia ni nani aliyemtia mama hatarini. Ninyi nitawaambia, maana hapa hatutazamani machoni.

Mama alifanya kazi kwenye gesti moja ya vyumba sita kule Kizwite, mjini Sumbawanga. Alitandika vitanda, alifua shuka, alipiga deki, na alfajiri alichemsha maji ya wageni kwenye pipa lililokaa juu ya mafiga uani. Anayeijua Sumbawanga ya mwezi wa sita anajua kwamba mgeni anaweza kukusamehe godoro bovu, lakini hakusamehe maji ya baridi. Upepo wa kule hauna adabu, unaingia hadi ndani ya soksi. Mimi na mama tuliishi kwenye chumba kimoja nyuma ya jiko, chumba kilichokuja pamoja na kazi. Baba alikuwa bondeni, Milepa, akilima, na alipanda kutuona baada ya mavuno. Kwa hiyo kazi ile ikipotea, na chumba kimepotea, na shule yangu ya mjini nayo imepotea. Mama hakuchoka kunikumbusha: "Tina, hapa tumejiegesha tu."

Mimi nimezaliwa na wasiwasi kama wengine wanavyozaliwa na kibiongo. Maneno yale ya kujiegesha yaliniingia hata nikawa natembea uani kwa vidole, nisije nikamuudhi mtu tukafukuzwa. Nilikuwa nimesikia habari za mwanamke aliyefanya kazi pale kabla ya mama. Redio ya mgeni ilipotea, yeye akatolewa mchana kweupe, godoro kichwani, majirani wakiwa wamesimama milangoni. Sikumwona kwa macho yangu, lakini nilimwota mara nyingi, na kila nilipomwota alikuwa na uso wa mama.

Baada ya redio ile, meneja wetu aliwashonea wafanyakazi sare mpya, gauni la bluu lisilo na mfuko hata mmoja. Alisema mtu mwaminifu hahitaji mfuko. Mama akawa anajifunga khanga kiunoni juu ya sare, kwa ajili ya baridi, alisema, na funguo zake na leso yake akazifunga kwenye pindo.

Mama alikuwa na sheria zake kuhusu fedha za wageni, na alizishika kuliko hata alivyoshika sheria za meneja. Wageni wetu wengi walikuwa wa "asante sana mama," na asante yao ikaishia hapo hapo. Wachache waliacha chochote, kipande cha sabuni, nusu mkate, sarafu juu ya stuli. Mama hakujichukulia sarafu ya juu ya stuli. Aliipeleka mapokezi kwa dada Neema, ikaandikwa kwenye daftari la vitu vilivyosahauliwa, pamoja na vitana na soksi za mguu mmoja. "Hela isiyosemewa si yako," alisema. Fedha yake ilikuwa ile tu aliyopewa mkononi na mwenye nayo akatamka kwamba ni yako, mama, nashukuru. Hapo aliipokea kwa mikono miwili, akachutama kidogo, kisha akapiga makofi mawili mepesi, kama wazee wetu wa Kifipa wanavyoshukuru. Wala hakusimama mlangoni baada ya kupeleka ndoo ya maji. Aliitua, akageuka, akaondoka haraka hata ukadhani anakimbia deni. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba ukishasimama mlangoni umeshaomba.

Hayo nilijifunza nyumbani. Shuleni nilijifunza mengine.

Nilikuwa darasa la nne, na mwalimu wetu mmoja alianzisha klabu ya kupinga rushwa. Nilijiunga siku ya kwanza, kwa sababu mtoto mwenye wasiwasi hupenda mahali penye sheria nyingi. Tulikuwa na igizo. Mimi nilikuwa nesi mbaya, niliyevaa shuka jeupe na kumwambia mgonjwa, "Bila chai hutibiwi." Hapo rafiki yangu Oresta, aliyekuwa polisi, alitoka nyuma ya ubao na kunifunga pingu za mpira wa baiskeli, nami nikanyoosha mikono mbele na kulia. Nililia vizuri sana. Mwalimu alinisifu mbele ya wazazi, na mama alikuwa amekaa mstari wa pili, akipiga makofi.

Baada ya igizo mwalimu alisimama na kutueleza kwa mara ya ishirini. "Mtu akikwambia amekuletea chai, na huoni kikombe wala chupa, hiyo ni nini?" Nasi tukaitika kwa pamoja, "Rushwaaa!" "Anayetoa?" "Jelaaa!" "Anayepokea?" "Jelaaa!" Nilikwenda kulala siku ile neno lile likinizunguka kichwani. Nyumbani, mama alipouliza kama ninataka chai, niliangalia kwanza kama kuna kikombe.

Wiki ile ile alifika Mzee Rashidi.

Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka Kirando, kule ziwani, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kufuma. Alipewa chumba namba mbili. Magunia yake aliyaacha sokoni, lakini harufu alikuja nayo. Dada Neema alilalamika siku tatu mfululizo kwamba hata daftari la wageni sasa linanuka migebuka. Watu wa ziwani hawaizoei baridi yetu, na mzee yule alishikwa na homa usiku wa kwanza. Mama alimpelekea maji ya tangawizi asubuhi na jioni, akamfulia fulana, na alipoona bado anatetemeka akampa blanketi letu. Mimi na mama tulijifunika khanga tatu na koti la baba. Nilinung'unika, na mama akaniambia mgeni mgonjwa ni mtoto wa watu.

Jumamosi mzee alipata nafuu na kuamua kuondoka na gari la alfajiri. Mama alikuwa amekwenda kununua mkaa. Mimi nilikuwa nafagia kwenye geti, pua imekufa ganzi kwa baridi, ndipo mzee akatoka na begi lake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mama yuko wapi?"

Nilimwambia. Akatazama barabarani, akatazama saa yake, akatikisa kichwa. Kisha akainama karibu yangu akanong'ona, "Basi mwambie nimemwachia chai, chini ya mto. Ni chai yake mwenyewe, si ya ofisi. Asimwambie mtu." Akanipigapiga begani na kwenda zake kituoni.

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Mzee wa watu alitaka kumshukuru mwanamke aliyemtoa homa, na alijua gesti nyingi ambako shukrani ya namna hiyo huishia kwa wakubwa. Lakini mimi, mwanachama mwaminifu wa klabu, nilisikia vitu vitatu. Chai. Chini ya mto. Asimwambie mtu. Fagio lilinitoka mkononi.

Nilitaka kwanza kwenda kuichukua mwenyewe na kuitupa chooni, lakini ufunguo wa namba mbili ulikuwa mapokezi. Basi nikaamua kunyamaza. Nilijipa hoja, na ilionekana hoja nzuri sana kwa mtoto wa miaka kumi: kama mama hatajua kwamba ni chai, hatakuwa amepokea chai. Mama aliporudi na gunia la mkaa aliniuliza kama mzee ameondoka salama. Nilisema ndiyo. Akauliza, "Ameacha neno?" Nilisema hapana, nikarudi kwenye fagio langu.

Saa tatu mama aliingia namba mbili kutandua kitanda. Nilijibanza kwenye korido nikimchungulia. Alitandua shuka la juu, akainua mto, akasimama. Chini yake palikuwa na noti nyekundu ya elfu kumi, imekunjwa mara nne. Kwa mwanamke wa kazi ile, siku zile, fedha hiyo haikuwa mchezo. Mama aliitazama bila kuigusa kwa muda mrefu. Kisha akaiokota kwa vidole viwili na kwenda nayo mapokezi. Dada Neema hakuwepo, alikuwa amevuka barabara kununua maandazi. Mama alisubiri, akatazama huku na huku, shuka zilikuwa zinamngoja, na sare haikuwa na mfuko. Akaifunga kwenye pindo la khanga na kurudi kazini.

Nyote mnajua mwanamke anafunga nini kwenye pindo. Anafunga cha kwake.

Haikupita nusu saa, mgeni wa namba nne akaanza kupiga kelele. Alikuwa kijana mnunuzi wa mahindi, mwenye sauti kubwa na viatu vilivyochongoka. Elfu kumi yake haionekani, aliiacha kwenye suruali, suruali iko kwenye kiti, na aliyeingia chumbani asubuhi kuchukua ndoo ni nani kama si huyu mama? Meneja akatoka ofisini kwake. Akaamuru sisi sote tusimame uani, kila mtu aonyeshe alicho nacho.

Mama hakungoja zamu yake. Alifungua pindo, akaitoa noti, akamkabidhi meneja, akaeleza kwa sauti ya kawaida kwamba ameikuta namba mbili, chini ya mto, na alikuwa anamsubiri Neema aiandike.

"Ndiyo hiyo hiyo!" kijana akasema. Hata hakuisogelea kuitazama.

Meneja alimtazama mama, akaitazama khanga. "Mama Tina, nani katika dunia hii anaacha elfu kumi chini ya mto?"

"Sijui, baba. Labda amesahau."

"Na wewe ukaifunga kwenye pindo usisahau." Watu wawili walicheka. "Shahidi wako nani?"

Meneja akamwambia Neema, aliyekuwa amesharudi na maandazi yake, apige namba ya Mzee Rashidi iliyoandikwa kwenye daftari la wageni. Akapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haipatikani. Gari lilikuwa njiani, na njia ile siku zile mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Meneja akasema hana muda wa kucheza. Mama awe amefungasha ifikapo saa nane mchana, na ashukuru kwamba haitiwi polisi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya shuka zilizoanikwa. Nilikuwa shahidi, na nilijua kwamba mimi ndiye shahidi. Lakini oneni nilivyobanwa. Nikinyamaza, mama ni mwizi, tunatoka na godoro kichwani. Nikisema, mama amepokea chai, na anayepokea tulishaitika wote kwa sauti mahali anapokwenda. Nilijaribu kukumbuka kama mwalimu alitaja wizi una miaka mingapi na rushwa mingapi, ili nimchagulie mama ile yenye michache. Shuka zilinipiga usoni kwa upepo. Niliogopa hata nikaogopa kupumua, wasije wakanisikia. Nilifikiri mambo mengi ya kijinga, na moja nililolifikiri mpaka leo linanichoma: nilifikiri, kwa nini mama akapokea?

Kisha mama akapiga magoti.

Mama alikuwa mtu wa kuchutama. Alichutama kwa wakwe, kwa padri, kwa mgeni aliyempa shilingi mia. Nilimwona akichutama kila siku na lilikuwa jambo jepesi, kama kufumba jicho. Hili lilikuwa jingine. Magoti yake yaligusa simenti yenye maji, na mikono yake haikujua ikae wapi. Akaanza kusema, "Baba, nina mtoto..."

Nilitoka nyuma ya shuka nikipiga ukelele. "Ni chai! Si ya wizi, ni chai! Babu Rashidi kaniambia mimi, chai ya mama, chini ya mto! Mama hakujua, mimi ndiye niliyejua, nifungeni mimi!" Na nikanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama nilivyofundishwa kwenye igizo, nikingoja pingu.

Maji yalikuwa yanachemka kwenye pipa. Meneja alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuku wake anazungumza. Nilifumba macho.

"Hebu ngoja kwanza," dada Neema akasema. Nilisikia kandambili zake. Alikwenda akaichukua ile noti mkononi kwa meneja, akaifungua mikunjo minne, akaipeleka puani. Akakunja uso. "Meneja, nusa."

Meneja akanusa. Akamnyooshea yule kijana wa mahindi. Kijana akanusa, akajifuta pua kwa mkono wa shati. Mgebuka mkavu wa Kirando hauhitaji hakimu. Ilikuwa inanuka kama chumba namba mbili, kama daftari, kama blanketi letu lilivyoendelea kunuka hadi mvua za kwanza.

"Basi labda yangu iko kwenye begi," kijana akasema, akaingia ndani. Hadi leo sijui kama aliiona. Aliondoka mchana ule ule na hakuaga mtu.

Meneja alimnyooshea mama ile noti kwa ncha za vidole. "Haya Mama Tina, chukua chai yako," akasema, akacheka. Mama aliinuka peke yake, akaipokea kwa mikono miwili. Makofi hakupiga.

Mimi nilidhani tutakwenda chumbani na nitakumbatiwa. Tulikwenda chumbani. Mama alikaa kitandani, akaondoa maji kwenye magoti kwa khanga, akaniuliza, "Ulijua tangu alfajiri?"

"Ndiyo mama."

"Nilikuuliza kama ameacha neno."

Nilimweleza yote, klabu, kikombe, jela, jinsi nilivyotaka kumkinga. Nilieleza kwa kulia na kwa haraka, nikingoja aseme basi mwanangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kifipa, maana mambo ya ndani kabisa mama aliyasema kwa Kifipa, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Kwa hiyo na wewe ulidhani mama yako anaweza."

Hakungoja jibu. Alitoka akarudi kwenye shuka zake.

Jioni alinituma dukani na noti ile, ninunue majani ya chai, kilo mbili za sukari na maziwa. Alichemsha sufuria kubwa, akatia tangawizi, akamwita dada Neema, akampelekea meneja kikombe ofisini, akawapa hata wageni wa namba moja na namba sita. "Karibuni," alimwambia kila mtu, "hii ndiyo chai ya Mzee Rashidi." Watu walikunywa, wakasifu. Mimi nilipewa kikombe kilichojaa hadi ukingoni, na nilikinywa chote huku nikitazama geti.

Jambo lile halikuzungumzwa tena nyumbani kwetu. Mzee Rashidi alirudi baada ya miezi miwili, na tangu hapo alimpa mama shukrani yake mkononi, mbele ya Neema. Lakini kuna kitu mama alianza kukifanya baada ya siku ile. Kila mgeni alipompa chochote, hata sarafu, hata nusu mkate, aliniita. "Tina, njoo uone." Nikaja, akafungua kiganja, akaniambia ni nani amempa, kwa maneno gani, na kwa kazi gani. "Huyu wa namba tano, kwa kumshonea kifungo. Amesema, asante mama, ya soda." Nikaitikia kwa kichwa, nikarudi kucheza. Nilidhani ananifundisha adabu za kupokea. Miaka ilipita nikidhani hivyo, na nikikubali kweli kwamba nimefunzika. Leo nikilala hotelini, kwa mambo ya kikazi, siachi kitu chini ya mto wala juu ya meza. Namtafuta aliyetandika, nampa mkononi, nasema kwa sauti ni ya nini, na neno lile la majani na sukari silitumii kabisa. Wenzangu wananicheka, wanasema natoa bakshishi kama mtu anayefungisha ndoa.

Desemba iliyopita nilikwenda Milepa, ambako mama sasa anaishi na baba, nikampelekea kitenge na fedha kidogo. Alizipokea kwa mikono miwili, akachutama ingawa magoti siku hizi yanamsumbua, akapiga makofi mawili. Kisha akageuka mlangoni akamwita binti yangu wa miaka tisa aliyekuwa akicheza nje. "Njoo uone, mjukuu wangu. Amenipa mama yako. Amesema ni ya mafuta na chumvi."

Mtoto alikuja, akatazama kiganja cha bibi yake, akaitikia kwa kichwa, akakimbia. Nami nilikaa pale kwenye kigoda nisijue pa kuweka macho. Meneja alimaliza kesi yake siku ile ile, kabla hata ya saa nane. Ni mimi ambaye mama amekuwa akinijibu miaka yote hii, na sikuwahi kumwambia kwamba naamini.

Nilimwambia hapo hapo. Mama alinitazama, akacheka kidogo, akaninyooshea kikombe cha chai. "Kunywa," alisema, "inapoa."